Les Baxter na kijiji kisichokuwa kwenye ramani: muziki wa eksotika ulivumaje?

#1 Santuri ya Baba
Wadau wa muziki, salaam.

Naleta hoja, mwenye ushahidi aipinge. Les Baxter, mtunzi na kiongozi wa okestra aliyezaliwa Texas mwaka 1922, ndiye baba wa ule muziki laini wa Marekani wa miaka ya 1950 ulioitwa eksotika, wa kuwaza nchi za mbali. Na aliufanya bila kuchukua wimbo wa kabila lolote. Alikaa Hollywood akabuni.

Mwaka 1951 kampuni ya Capitol ilitoa santuri yake "Ritual of the Savage". Wimbo uliobeba jina lake mpaka leo ni "Quiet Village", yaani kijiji kimya. Besi inazunguka na noti zilezile tangu mwanzo, ngoma za mikono zinaingia chinichini, halafu fidla zinapanda taratibu na kuteleza kushuka. Ukifumba macho unauona mto na miti iliyofunga juu yake. Lakini kijiji chenyewe hakina nchi. Jaladani wamechorwa mwanamume na mwanamke wa Kizungu wamekumbatiana kama wako dansini, wamezungukwa na vinyago.

Nauliza mawili. Kwa nini Wamarekani waliupenda kiasi kile? Na kubuni kijiji ambacho hakipo, huo ni ufundi au ni kuwadharau wenye vijiji?

#2 Mzigo wa Nazi
Natandika mkeka, nasubiri wajuzi.

#3 MwlKibwana
Mtoa mada, hoja nzuri ila "baba" ni neno zito. Mwanajazi Duke Ellington alikuwa akipiga muziki ulioitwa wa msituni pale Cotton Club, New York, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na "Caravan" ya Juan Tizol na Ellington ni ya 1936. Jangwa, ngamia, usiku wa mbali, vyote vimo. Tena jina la pili la santuri hiyo ya Baxter ni la Kifaransa, "Le Sacre du Sauvage". Hapo anampungia mkono mtunzi Mrusi Stravinsky na "Le Sacre du printemps" ya 1913. Kwa hiyo Baxter alisoma kwa wakubwa wake, akachukua rangi za okestra za Ulaya, akazipeleka sebuleni.

La pili: jina la eksotika halikutoka kwake. Lilitoka kwenye santuri ya Martin Denny, "Exotica", ya mwaka 1957. Aliyelichagua ni Simon Waronker wa kampuni ya Liberty.

#4 Santuri ya Baba
Mwalimu, nakubali Denny ndiye aliyeleta jina, lakini wimbo wa kwanza kwenye hiyo "Exotica" ni upi? Ni "Quiet Village" ya Baxter. Mwana akipewa jina na mjomba, baba habadiliki.

#5 Fundi Redio
Wote mnazunguka nje ya jambo. Sababu ni mitambo.

Sahani ndefu ya mizunguko 33 na theluthi ilitoka 1948. Kabla ya hapo sahani ya mizunguko 78 ilikupa dakika tatu na kitu kila upande, basi. Sahani ndefu ikakupa dakika ishirini bila kuinuka kitini. Hapo ndipo mtunzi anaweza kukupeleka safari nzima: bandarini, mtoni, kijijini, kwenye ngoma ya usiku. Ukitazama majina ya nyimbo kwenye "Ritual of the Savage" ndivyo yalivyopangwa, inaanza "Busy Port", baadaye "Jungle River Boat", inafika "Quiet Village", inamalizia "The Ritual". Kwenye sahani fupi ungeyafanya wapi hayo?

Halafu 1958 sahani za stirio zikaingia madukani. Mtu amenunua mtambo wa bei mbaya, ana spika mbili, anataka kuusikia unavyofanya kazi. Fidla peke yake hazimwonyeshi tofauti. Mpe mlio wa ndege wa porini upande wa kushoto, kengele kulia, ngoma katikati, atawaita majirani. Denny aliirekodi "Exotica" kwa mono, yaani sauti ya spika moja, Desemba 1956. Mwaka 1958 wakairudia yote upya kwa stirio. Kampuni haigharamii kazi hiyo mara mbili kwa mapenzi tu.

#6 Mmatumbi wa Ohio
Fundi umenena, lakini huku niliko wazee wana maelezo mengine. Mimi hununua santuri kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, na eksotika ndizo zinazojaa masanduku baada ya zile za Krismasi. Nikiuliza, naambiwa zilikuwa za babu fulani aliyepigana Pasifiki.

Vijana walipelekwa Guadalcanal, Guam, Ufilipino. Wakarudi 1945 na kumbukumbu za vita, lakini pia za bahari na visiwa. Kitabu cha James Michener kuhusu Pasifiki ya Kusini kikatoka 1947, mchezo wake wa nyimbo ukafika Broadway 1949. Wakati huohuo baa za mtindo wa kisiwa zilikuwa zimeota: Don the Beachcomber Hollywood tangu miaka ya 1930, Trader Vic kule Oakland. Mianzi, taa za samaki, ramu. Aliyerudi vitani anakaa pale na mkewe, anamwonyesha visiwa vile bila risasi. Muziki wa mahali kama hapo lazima uwe laini, maana watu wanaongea.

#7 Dada Mchambuzi
Nimesoma mpaka hapa nikasubiri mtu ataje neno "savage", yaani mshenzi, lililoko kwenye jina. Hakuna aliyeligusa.

Mtoa mada anasema Baxter hakuchukua wimbo wa mtu. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Angechukua wimbo wa mtu, angalau mtu huyo angekuwepo. Baxter aliwaondoa watu wote akabakiza miti, sanamu na "ibada". Kwaya inaimba a-a-a bila maneno kwa sababu mwenye maneno hatakiwi. Santuri yake "Tamboo!" ya 1955 ina "Simba", ina "Mozambique", ina "Havana", ina "Tehran". Miji na nchi zinakuwa viungo vya mchuzi mmoja.

Na kumbukeni miaka. 1952 Kenya iliwekwa chini ya hali ya hatari. Bara linadai uhuru, na kule sebuleni linapigwa kama usingizi.

#8 Mzigo wa Nazi
Mkeka wangu umeanza kupata moto.

#9 Mwana Kilindini
Salaam. Mimi nimepiga kinanda katika hoteli za pwani kwa muda mrefu, Diani na kwingineko, kwa hiyo nitasema la upande wetu sisi tunaopigia wageni.

Kisa cha Martin Denny mnakijua? Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa anapiga Honolulu kwenye Shell Bar, ndani ya hoteli ya tajiri Henry Kaiser, Hawaiian Village. Baa iko wazi, kando ya jukwaa kuna kidimbwi. Usiku mmoja wanapiga "Quiet Village", vyura wakubwa wakaanza kukoroma. Bendi ikinyamaza, vyura nao kimya. Bendi ikianza, wanaanza. Wapigaji wakachangamka, wakaanza kulia sauti za ndege, hasa Augie Colón, mpiga ngoma. Ilikuwa ni mzaha wa kazini. Kesho yake mgeni akaja kuomba ule wimbo wenye ndege na vyura. Denny akawapangia wenzake kila mmoja sauti ya ndege wake, na chura akamtengeneza kwa güiro, kile kibuyu chenye mikato kinachokwaruzwa kwa kijiti, akakiweka karibu na maikrofoni.

Yeyote aliyepiga hotelini anakielewa kisa hiki kwenye mifupa. Mgeni haji kusikiliza harmonia. Anataka akifika kwao aseme "nilikuwa mahali". Mimi nimewahi kuandaa saa nzima ya taarab ya zamani, nimewaita na fidla na ganuni, tumefanya mazoezi. Baada ya nyimbo mbili meneja akaja jukwaani na karatasi: "Jambo Bwana" mara mbili, "Malaika" mara mbili. Tulipiga. Niliumia, na wale wenzangu wazee waliumia zaidi, kwa sababu walikuja wamevaa kanzu mpya.

Kwa hiyo sababu ya kuvuma ninayoijua mimi ni hii: mteja aliomba.

#10 Fundi Redio
Kaka Kilindini, kisa chako kinanisaidia. Mzaha wa baani hausikiki nje ya baa mpaka kuwe na mtambo wa kuubeba. Ndege wa Colón bila stirio ni kelele.

#11 Mwana Kilindini
Ndege wa Colón walimpendeza yule mgeni kabla hamjauza stirio hata moja, fundi.

#12 MwlKibwana
Hapo Denny na Baxter watenganishwe, maana naona tunawachanganya. Baxter ni okestra nzima: fidla, filimbi, kwaya. Denny ni watu wanne: yeye kwenye piano, Arthur Lyman kwenye vibrafoni (zile bapa za chuma zinazogongwa), John Kramer kwenye besi, Colón kwenye ngoma. Denny aliwahi kuzunguka Amerika ya Kusini na bendi miaka ya 1930, akakusanya vyombo. Lyman alikuwa mwana wa Hawaii hasa. Colón naye wa huko huko. Kwa hiyo Dada, kwenye bendi ya Denny wenyeji walikuwepo jukwaani, na walikuwa mafundi. Toleo lao la "Quiet Village" ndilo lililofika nafasi ya 4 kwenye chati ya Billboard mwaka 1959, na santuri ya "Exotica" ikashika nafasi ya kwanza.

Mwaka huohuo, tarehe 21 Agosti 1959, Hawaii ikawa jimbo la Marekani. Ndege za jeti nazo zikaanza. Visiwa vilikuwa kwenye kila gazeti. Mimi sababu yangu ni hiyo zaidi ya vita, maana kutoka 1945 hadi 1959 ni miaka 14. Kumbukumbu ya askari ingekuwa imeshapoa.

#13 Mmatumbi wa Ohio
Mwalimu, kumbukumbu ya vita haipoi kwa miaka 14. Muulize yeyote aliyekuwa Kagera.

#14 Kito cha Muscat
Msimsahau Yma Sumac jamani. Mwanamke wa Peru, sauti yake inatoka chini kama ya mwanamume inapanda mpaka juu ya filimbi, zaidi ya oktavi nne. Santuri yake ya kwanza Capitol, "Voice of the Xtabay" ya 1950, Baxter ndiye aliyeisimamia na kuongoza okestra. Ni kabla ya "Ritual of the Savage". Bibi yangu hapa Muscat alikuwa nayo, ililetwa na mjomba baharia, na kila harusi ikiisha wanawake wakibaki peke yao waliiweka wakashindana kumfuata. Hakuna aliyefika juu.

Matangazo yalimwita binti wa mfalme wa Inka, mzao wa Atahualpa. Baadaye wengine wakazusha kwamba ni mama wa nyumbani wa Brooklyn aitwaye Amy Camus, jina limegeuzwa nyuma mbele. Uzushi. Alikuwa Mperu kweli.

#15 Dada Mchambuzi
Ahsante sana Kito. Ona sasa: akiwa Mperu wa kawaida mwenye kipaji haitoshi, lazima awe binti mfalme. Na akikubaliwa kuwa binti mfalme, wanamgeuza tena mwongo.

Kuna mwingine wa upande wa pili, Korla Pandit. Alionekana kwenye televisheni ya Los Angeles tangu 1949, kilemba chenye kito kipajini, anapiga ogani, anakutazama wala haongei. Watu walimjua kama Mhindi wa New Delhi. Alifariki 1998, na baada ya miaka mitatu ikaandikwa kwamba alikuwa John Roland Redd, Mmarekani mweusi wa Missouri. Mtu mweusi mwenye kipaji kile asingepewa kipindi chake mwenyewe miaka ile. Mhindi wa kubuni akapewa. Nikilisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Eksotika ilimfungia mlango na ilikuwa pia dirisha alilopitia.

#16 Santuri ya Baba
Dada, bandiko #15 limenigusa. Lakini bado halijaniondoa kwenye hoja ya ufundi. Hebu sikiliza Baxter anavyopanga vyombo, usisome jina la santuri. Hajazi. Anaacha nafasi. Filimbi inaingia pale tu fidla zinapopumua.

#17 Jogoo la Shamba
Hiyo sifa ya kupanga vyombo mpeni Nelson Riddle. "Mona Lisa" ya Nat King Cole ya 1950 ina jina la Les Baxter, lakini aliyeipanga ni Riddle, na Cole alipojua akamchukua Riddle moja kwa moja. Huyu bwana alikuwa na waandishi wa pembeni.

#18 Santuri ya Baba
"Mona Lisa" sawa, hiyo inajulikana. Lakini kutoka wimbo mmoja kwenda kumnyang'anya mtu kazi yake yote ni kuruka mto bila daraja. Huyu alisoma piano Detroit, aliimba na kundi la Mel-Tones la Mel Tormé, na baada ya Capitol alitunga muziki wa filamu kwa American International: "House of Usher" ya 1960, "The Raven" ya 1963, na nyingine nyingi. Hollywood ya wakati ule kila aliyekuwa na tarehe za kurekodi zinazobana alitumia wasaidizi wa kunakili na kupanga. Mtindo wa Baxter unasikika uleule tangu 1951 mpaka filamu za kutisha. Msaidizi gani huyo aliyemfuata miaka yote hiyo?

#19 Jogoo la Shamba
Mtindo unaweza kuwa wa karakana.

#20 Mzigo wa Nazi
Nimesikia muziki wa Baxter ulikwenda mwezini. Hivi ni kweli au ni chai?

#21 MwlKibwana
Ni kweli, ila uitaje vizuri. Ni "Music Out of the Moon" ya 1947. Mtunzi ni Harry Revel. Baxter alipanga vyombo na kuongoza. Chombo kikuu ni theremini, kinachopigwa bila kuguswa, mikono inapita hewani, mpigaji Dakta Samuel Hoffman. Neil Armstrong aliubeba kwenye kaseti safari ya Apollo 11 mwaka 1969.

#22 Mzigo wa Nazi
Basi mtu kafika mwezini, na muziki wake wa sebuleni. Nimenyoosha mikono.

#23 Nyota ya Kericho
Nimefuatilia uzi huu tangu jana. Dada Mchambuzi amesema kwamba wao walibuni watu wa mbali. Nataka niwaambie kwamba sisi pia tulibuni.

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika na mashine yake ya kurekodi Kapkatet, kwa Wakipsigis, akarekodi wasichana wakiimba na kinanda cha nyuzi. Wimbo unaitwa "Chemirocha". Nyumbani kulikuwa kumefika gramafoni na sahani za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyekuwa ameshafariki tangu 1933. Wasichana hawakumjua ni nani. Sauti ya gitaa na ule uimbaji wa kupasua koo vikawafanya wamwone kiumbe, nusu mtu nusu paa, jina lake Chemirocha. Wanamwita acheze, aruke mpaka nguo zimtoke. Sauti zao ni laini, zinapishana, na nyuzi zinarudia mzunguko mmoja bila haraka.

Wekeni wimbo huo kando ya "Quiet Village", mwaka mmoja tu kati yao. Huku Hollywood wanawaza msitu, kule Kapkatet wanawaza mwimbaji wa Mississippi. Nyimbo zote mbili zinarudia mzunguko, zote zinamwita mtu asiyekuwepo. Kumbukumbu hizo zilirudishwa kijijini miaka ya karibuni na maktaba aliyoianzisha Tracey, na waliozisikia kwa mara ya kwanza walisikia sauti za watu wao.

#24 Santuri ya Baba
Nyota, nakushukuru kwa moyo wote. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta bila kukijua.

#25 Dada Mchambuzi
Nyota, wimbo huo naupenda sana, na ndiyo maana nakupinga. Wasichana wa Kapkatet hawakuwa na kampuni ya kuuza Chemirocha kwa Wamarekani na kuwaambia ndivyo mlivyo. Kuwaza ni kwa wote. Kuuza ulichowaza kukawa ndiyo picha ya dunia nzima, hapo pana nguvu ya mmoja juu ya mwingine. Paa wa Kapkatet hakumzuia mtu yeyote kupata kazi Los Angeles.

#26 Nyota ya Kericho
Hapo sikupingi. Nilitaka tu wajue tulikuwa na masikio na ndoto zetu wakati huo, hatukuwa tumekaa tunangoja kurekodiwa.

#27 Mtoto wa Katanga
Jambo wote. Mwaka 1952 huyo huyo Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kwetu Katanga, "Masanga", gitaa moja peke yake. Hicho ndicho kijiji cha kweli cha miaka hiyo: ni mji wa migodi, watu wamevaa suti, gitaa limenunuliwa kwa mshahara. Baxter asingekitambua. Na sisi wenyewe tulikuwa tunasikiliza sahani za Kuba, zile zenye alama ya GV, tangu miaka ya 1930. Wazee waliimba Kihispania cha kubuni, neno moja hawalijui, wakatoa rumba. Je, hiyo nayo mtaiita wizi?

#28 Mwana Kilindini
Kaka wa Katanga karibu. Na taarab yetu ilichukua okestra ya Misri, ikachukua nyimbo za filamu za Kihindi, ikachukua bolero na rumba, na haikumwomba mtu ruhusa. Ila ilibaki na ushairi wake, mizani na vina. Tofauti ninayoiona mimi iko hapo: kilichobaki chako ni nini baada ya kuchukua cha mwenzako? Baxter alibaki na fidla za Hollywood. Si haba, alizijua.

#29 Jogoo la Shamba
Kama mnataka mfano wa kuchukua kweli, acheni Baxter, nendeni kwa Mjerumani Bert Kaempfert na "A Swingin' Safari" ya 1962. Sauti yote ya ile santuri ni kwela, filimbi za vijana wa mitaani wa Afrika Kusini, iliyosafishwa ikawa okestra. Ndani mna "Skokiaan" ya August Musarurwa wa Rhodesia ya Kusini, mna "Wimoweh" iliyotokana na "Mbube" ya Solomon Linda ya 1939. Linda alikufa 1962, mwaka uleule, maskini. Familia yake haikupata suluhu ya haki zao mpaka 2006.

Kwenye hiyo hiyo santuri kuna "That Happy Feeling". Mtunzi wake ni Guy Warren wa Ghana, aliyejiita baadaye Kofi Ghanaba. Huyo alikwenda Chicago akatoa "Africa Speaks, America Answers" mwaka 1956. Mwafrika, ngoma zake, jina lake jaladani, miaka ileile ya eksotika. Hakuwa maarufu hata robo ya Denny.

#30 Dada Mchambuzi
Jogoo, leo umewika. Guy Warren ndiye jibu langu kwa swali la kwanza la mtoa mada. Afrika yenyewe ilikuwa dukani, wakanunua ya kubuni.

#31 Fundi Redio
Wanunuzi wengi hawakujua kwamba iko dukani, Dada. Kampuni ndiyo iliyoamua ipi iwekwe dirishani.

#32 Pili wa Usa River
Hodi. Nimeona mnataja safari. Filamu "Hatari!" ya 1962 ilipigwa huku kwetu Arusha, sehemu kubwa kwenye shamba la Momella, chini ya Meru. Muziki ni wa Henry Mancini, na ule wimbo wa mtoto wa tembo, "Baby Elephant Walk", watoto wa dunia nzima wanaujua. Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji, alilipenda shamba lile akalinunua akaishi. Nikiwa mdogo wazee walisimulia magari yakikimbiza vifaru tambarare, na vijana wa huku waliopata kibarua cha kuwalisha wanyama wa filamu. Hakuna aliyesimulia muziki. Mimi niliusikia mara ya kwanza kwenye simu ya mtu, ukiwa mlio wa kuitia.

#33 Mzigo wa Nazi
Kwa hiyo Marekani ilifika mpaka Usa River kuchukua vumbi, fidla ikazipakia nyumbani.

#34 Kito cha Muscat
Na Kenya ikamtoa Roger Whittaker, mzaliwa wa Nairobi 1936, mfalme wa miluzi. Muziki laini nao una mtoto wetu.

#35 Nyota ya Kericho
Kito, huyo usimguse, mama yangu atakujia Muscat kwa miguu.

#36 MwlKibwana
Turudi. Kuna waliojibu eksotika kwa eksotika. Mwaka 1978 Wajapani watatu, Yellow Magic Orchestra, Haruomi Hosono akiwa kiongozi, waliichukua "Firecracker" ya Martin Denny, wimbo wake wa kuigiza Uchina, wakaupiga kwa kompyuta na sinthesaiza. Yaani Asia iliyobuniwa Hawaii ikachukuliwa na Waasia wenyewe, ikarudishwa Marekani, ikachezwa kwenye madisko. Hawakulalamika wala hawakuomba radhi. Mimi naliona hilo ni jibu kubwa kuliko makala yoyote.

#37 Mwana Kilindini
Mwalimu, hapo umenipa wazo. "Jambo Bwana" nayo ilianzia kwenye bendi ya hoteli za pwani, Them Mushrooms, 1980. Ni wimbo wetu tuliowatungia wageni, maneno ya kuwakaribisha, na Boney M wakaja kuuchukua. Miaka mingi nimeupiga kwa uchungu. Lakini wenzetu wale waliwapa wageni kijiji cha kubuni kabla wageni hawajakibuni wenyewe, na jina lililoandikwa kwenye wimbo ni la Mkenya.

#38 Dada Mchambuzi
Na ndani ya wimbo huo kuna Mkenya asiyekuwa na shida yoyote. Kaka yangu, wewe mwenyewe umetuambia meneja alikuletea karatasi.

#39 Mwana Kilindini
Alileta, ndiyo. Na mshahara uliosomesha wanangu ulitoka kwenye karatasi hiyo. Yote mawili yaandike.

#40 Fundi Redio
Kabla hamjaendelea, aliyeuliza faraghani kuhusu kusafisha santuri za zamani: usitumie spiriti kwenye zile za mizunguko 78, zinayeyuka. Maji safi ya vuguvugu, sabuni laini kidogo, kitambaa kisichotoa nyuzi, fuata duara, kinga lebo. Za plastiki, yaani zile ndefu, zinavumilia zaidi.

Na kwa wanaonipinga: tafuteni "Taboo" ya Arthur Lyman ya 1958, alipokwisha kuachana na Denny. Aliirekodi usiku ndani ya kuba la alumini la Kaiser pale Hawaiian Village, ili mwangwi wa kuba uingie kwenye vibrafoni na magari ya barabarani yasisikike. Msikilize ile sauti inavyokawia kufa. Halafu mniambie mitambo haikuwa sababu.

#41 Mmatumbi wa Ohio
Fundi, ninayo hiyo, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya jalada: jina la mke, jina la mume na "Honolulu". Nasimama palepale kwenye vita na visiwa.

#42 Santuri ya Baba
Jogoo, ile ya Guy Warren inapatikana wapi kwa Dar? Nataka niisikie nzima kabla sijamjibu Dada.